Kwa nini boma la nyanya hupungukiwa na wageni wa Krismasi watoto wanapokua

KILA mwaka ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, vituo vya mabasi jijini Nairobi, Mombasa na Nakuru hufurika abiria wanaoelekea mashambani kwa sherehe za Krismasi na Mwaka Mpya. Nauli hupanda, mizigo hurundikwa kila penye nafasi, na watoto hupakatwa mapajani ili wazazi waokoe gharama ya kiti kimoja au viwili.

Hata hivyo, anayeitazama familia moja kwa kipindi cha miaka 20 ataona kwamba safari hiyo haibaki ilivyokuwa. Mwanzoni husafiri baba, mama na watoto wao wote. Baada ya muda kifungua mimba hukosekana, kisha anayemfuata, na hatimaye wazazi huwasili peke yao wakiwa na unga wa ngano, mafuta ya kupikia na maelezo marefu kuhusu sababu za watoto kutokuja.

Wazee wengi hulichukulia jambo hili kuwa ni utovu wa adabu au dalili ya kupotea kwa mila. Vijana nao hujitetea kwa kutaja kazi, masomo na gharama ya maisha. Pande zote mbili zina hoja, lakini zote mbili husahau jambo moja: mkutano wa jamaa ni kazi, na kila kazi ina mwenyewe. Watoto wanapokomaa, kazi hiyo huhitaji kubadilisha mikono. Isipobadilisha, hufa polepole hata katika familia ambamo watu wanapendana kwa dhati.

Nyumba mjini, nyumbani mashambani

Uzito wa safari ya Desemba hauelezeki bila kutazama historia ya miji ya Kenya. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kuelekea Kisumu. Kwa miongo mingi, serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika aliyeishi mjini kuwa mgeni wa muda. Kipande kilidhibiti mienendo yake, mshahara wake ulikadiriwa kana kwamba hana mke wala mtoto, na chumba alichopewa kilikuwa cha kulaza mwanamume mmoja.

Kutokana na hali hiyo, wanaume waliishi mjini ilhali familia zao zilibaki shambani. Mwanamume aliporudi kijijini mwisho wa mwaka, hakuwa mtalii wala mgeni. Alikuwa anarudi kwake, kukagua mifugo, kurekebisha paa na kuwaona watoto waliozaliwa akiwa hayupo.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, familia zilihamia mijini kwa wingi, lakini tofauti kati ya "nyumba" na "nyumbani" ilibaki. Kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986, iliifafanua tofauti hiyo mbele ya taifa zima. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika karibu na Nairobi walikoishi, ilhali ukoo wa Umira Kager ulisisitiza kwamba makazi ya mjini hayakuwa boma lake. Ukoo ulishinda, na Otieno akazikwa Nyalgunga, Siaya, Mei 1987.

Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Wakenya walikuwa takriban milioni 47.6, na chini ya theluthi moja ndio waliokuwa wakiishi mijini. Kwa hivyo, mamilioni ya wakazi wa miji bado wana wazazi, nyanya au makaburi ya jamaa mahali pengine. Krismasi, pamoja na dini yake, imekuwa pia siku ya kuthibitisha kwamba mtu ana kwao.

Utotoni: safari isiyo na gharama kwa msafiri

Katika miaka ya kwanza mambo huwa mepesi. Mtoto wa miaka minane haulizwi iwapo angependa kusafiri. Hulipiwa nauli, huvishwa nguo mpya na kuambiwa aingie garini. Likizo ndefu ya Novemba na Desemba humpa muda, nao wazazi hubeba mzigo wote wa mipango na fedha.

Kwa mtoto huyo, mkutano ni binamu zake. Ni kulala watoto sita juu ya mkeka mmoja, kuchunga ndama, kupanda miembe, kugombania ini la mbuzi na kula chapati kuliko uwezo wa tumbo. Pia ni shule ya aina yake. Hapo ndipo mtoto wa mjini husikia lugha ya mama ikizungumzwa siku nzima, hujifunza tofauti kati ya shangazi na mke wa mjomba, na huonyeshwa kaburi la babu ambaye jina lake amepewa yeye.

Mtoto hupata haya yote bila kujua yamegharimu nini. Haoni shilingi zilizowekwa akiba tangu Agosti, wala nyanya aliyeamka alfajiri kuteka maji ya watu 25. Kutojua huko ndiko utamu wa utoto. Tatizo hutokea pale anapofikisha miaka 18 au 25 akiwa bado hajaonyeshwa.

Ujana: mwili mkubwa, nafasi ndogo

Mabadiliko ya kwanza huanza mtoto anapobalehe. Masomo huwa sababu inayotajwa zaidi. Mwanafunzi wa sekondari hukabiliwa na mtihani wa KCSE, na ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilipiga marufuku masomo ya likizoni, wazazi wengi hawajaacha kuwatafutia watoto walimu wa kuwafunza nyumbani.

Sababu ya pili hutajwa kwa nadra: mahali pa kulala. Katika jamii nyingi, kijana wa kiume aliyekomaa halali tena chini ya paa la wazazi wake. Miongoni mwa Waluo, kwa mfano, hujengewa simba, yaani nyumba yake ndani ya boma la baba. Kijana aliyekulia katika nyumba ya vyumba viwili jijini na ambaye hana simba kijijini hujikuta hana pa kulaza ubavu. Hawezi kulala mkekani na watoto, wala hajawa na mahali pake miongoni mwa wanaume. Wakati mwingine kijana anayesema "kijijini kunachosha" huwa anasema kwamba kijijini hana nafasi.

Desemba pia ni msimu wa tohara katika jamii kadhaa, zikiwemo za Wakikuyu, Wameru na Wakalenjin. Kwa muda mrefu wazazi wengi walilifungamanisha tukio hilo na kumaliza darasa la nane. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na mfumo mpya wa elimu umezilazimisha familia kufikiria upya ni mwaka gani kijana avushwe. Mahali ambapo tukio hilo bado huwaleta pamoja wajomba na ami, kijana hupokelewa kama mtu mzima mpya. Mahali ambapo hufanywa hospitalini kimyakimya bila jamaa, mlango mmoja wa kuingia katika mkutano wa watu wazima huwa umefungwa.

Kwa wasichana, kikwazo huwa tofauti. Binti anapofikisha miaka 13 au 14, mara nyingi hupandishwa cheo ghafla kutoka mtoto wa kucheza hadi mpishi. Kaka yake hubaki uani akisikiliza hadithi za wazee ilhali yeye husukuma chapati tangu asubuhi na kuosha sufuria hadi usiku. Miaka michache baadaye, familia hushangaa kwa nini msichana huyo hana hamu ya kurudi. Jibu lilikuwa jikoni wakati wote, ila hakuna aliyemuuliza.

Miaka ya ishirini: aibu ya mikono mitupu

Kipindi kigumu zaidi ni kile cha baina ya kumaliza masomo na kuanza familia. Kijana ana kazi mpya, au hana kabisa. Walioajiriwa hotelini, hospitalini, katika vituo vya polisi, kampuni za ulinzi na maduka ya jumla hugundua kwamba Desemba ndiyo miezi yao ya kazi nyingi. Katika hoteli za Pwani, sikukuu ya wengine ndiyo mavuno ya mwajiri, na mfanyakazi mgeni ndiye wa mwisho kupewa likizo.

Wasio na kazi huzuiwa na jambo jingine. Desturi haimruhusu mtu mzima atokaye mjini kuingia bomani mikono mitupu. Nyanya hutarajia sukari na majani chai, wazee hutarajia chochote, nao watoto hutarajia peremende. Kijana aliyehitimu chuo kikuu na ambaye bado anatafuta ajira huona ni heri asionekane kuliko aonekane hivyo. Juu ya hayo, kuna maswali: Umeajiriwa wapi? Mchumba yuko wapi? Mwenzako wa darasa amejenga, wewe je? Anayeuliza huwa anasalimu tu, lakini anayeulizwa husikia hukumu.

Teknolojia nayo imerahisisha kutokwenda. Huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, ilikuwa baraka kwa wazazi waliokuwa wakingoja bahasha iletwe na dereva wa basi. Pesa zilianza kufika kabla ya mtu. Baada ya miaka michache, katika familia nyingi, zilianza kufika badala yake. Mwana akituma shilingi 5,000 mkesha wa Krismasi, huona amelipa deni lake, na kwa hesabu ya vitu ni kweli amelipa. Alichokosa kutuma ni mtu wa kumkumbusha nyanya jina la mjukuu mdogo.

Walioko ughaibuni ndio mfano ulio wazi zaidi. Kwa mujibu wa takwimu za Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walio nje walituma nyumbani takriban dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Wengi wao hawana uwezo wa kusafiri kila mwaka, na yaya aliye Saudi Arabia kwa mkataba wa miaka miwili hana hiari ya kuchagua sikukuu. Pesa hizo ni upendo, wala hazipaswi kudharauliwa. Lakini hazichezi na binamu.

Ndoa: boma mbili, Desemba moja

Mtoto akioa au kuolewa, hesabu hubadilika tena. Siku ni ile ile moja, lakini sasa kuna wazazi wa pande mbili. Zamani jambo hili lilikuwa na jibu la haraka: mke alifuata kwa mumewe. Siku hizi binti ana mshahara wake, wazazi wake wanamhitaji kama wanavyomhitaji kaka yake, na pengine yeye ndiye aliyewajengea nyumba.

Ikiwa mume anatoka Kakamega na mke Machakos, haiwezekani kula chakula cha mchana katika boma zote mbili siku moja. Wapo wanaopokezana, mwaka huu kwa wazazi wa mume na mwaka ujao kwa wazazi wa mke. Wapo wanaogawanya, Krismasi huku na Mwaka Mpya kule. Aidha, wapo wanaochoka na kubaki Nairobi, kisha watoto wao hukua bila kuzijua pande zote mbili.

Wazazi wakongwe huumizwa na mpango wowote miongoni mwa hiyo iwapo hawakuelezwa mapema. Nyanya aliyeambiwa mwezi wa Oktoba kwamba mwaka huu ni zamu ya wakwe hujipanga. Aliyengoja hadi jioni ya tarehe 24 akichungulia barabara hukumbuka jambo hilo kwa muda mrefu.

Idadi ya watoto nayo imepungua

Kuna sababu nyingine ambayo haitokani na tabia ya mtu yeyote. Utafiti wa kitaifa wa 1977-78 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa kwa wastani watoto 8. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulionyesha kiwango hicho kimeshuka hadi watoto 3.4.

Maana yake katika boma ni rahisi kuiona. Mama aliyezaa watoto 8, nao wakazaa wanne kila mmoja, ana wajukuu 32. Nusu yao wakikosa kuja, bado watoto 16 hukimbizana uani na sherehe hunoga. Lakini mama aliyezaa watatu, nao wakazaa watatu kila mmoja, ana wajukuu tisa tu. Mwana mmoja akibaki kazini na familia yake, theluthi ya mkutano imetoweka.

Kwa hiyo, familia za leo haziwezi kutegemea wingi wa watu ujiendeshe wenyewe kama zamani. Mkutano wa watu wachache huhitaji mipango zaidi, kwa sababu kila anayekosa huacha pengo linaloonekana.

Nguzo inapoanguka

Mtihani mkubwa huja babu na nyanya wanapofariki. Wao ndio waliokuwa sababu isiyohitaji maelezo. Hakuna aliyeuliza "kwa nini twende" maadamu nyanya alikuwa hai. Akishazikwa, watoto wake hukuta nyumba iliyofungwa kwa kufuli, uwanja uliomea nyasi na swali ambalo hawakuwahi kujiuliza: sasa ni nani mwenye mkutano huu?

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Katika familia nyingi, nyanya alikuwa mafiga yote matatu. Yeye ndiye aliyewapigia watu simu, aliyefuga kuku wa sherehe na aliyejua nani amekosana na nani ili asiwalaze chumba kimoja. Kazi hiyo haikuandikwa popote wala haikurithishwa.

Matokeo yake yanajulikana vyema nchini. Jamaa wasiokutana Desemba hukutana matangani. Huko hukusanyika kamati, huchanga pesa za jeneza na mabasi, na binamu waliocheza pamoja hujitambulisha upya kando ya kaburi wakiahidi kutafutana. Inashangaza kwamba familia isiyoweza kuchanga pesa za kununua mbuzi mmoja huweza kukusanya maelfu ya shilingi katika wiki moja kwa ajili ya maziko. Uwezo wa kukutana upo. Kinachokosekana ni mtu wa kuitisha kikao kabla ya msiba.

Funzo la mkono wa Idi

Jamii za Waislamu wa Pwani zina desturi inayoweza kufunza mengi kuhusu namna jukumu linavyohama. Siku ya Idi, watoto huvaa nguo mpya, huzunguka kwa jamaa na majirani, na hupewa mkono wa Idi, yaani sarafu au noti ndogo ya kununulia vitu vitamu. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi mwandamo, hivyo Idi husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka na haiwezi kutegemea likizo ya shule.

Jambo la kuzingatia ni kinachotokea mtoto anapokua. Ifikapo siku anapoanza kujitafutia, watoto wadogo humjia yeye wakinyoosha mikono. Hakuna anayemtangazia kwamba amekuwa mtu mzima. Aliyekuwa akipokea sasa ndiye anayetoa, hata kama ni shilingi 20. Kwa kitendo hicho kidogo, anapata nafasi mpya katika sikukuu ile ile.

Krismasi ya mashambani aghalabu haina daraja kama hilo. Mtu hubaki mtoto hadi anapoulizwa ghafla mbona hajanunua ng'ombe. Baina ya peremende na ng'ombe hapana ngazi, na vijana wengi hupotelea katika pengo hilo.

Namna ya kupokezana

Familia zinazofaulu kudumisha mikutano yao haziwi tajiri kuliko nyingine. Hufanya mambo machache kwa mpangilio. Kwanza, huwapa vijana kazi halisi mapema, na si ya jikoni pekee. Kijana wa miaka 16 anaweza kukabidhiwa pesa za soko na kutakiwa kuleta hesabu. Binti anaweza kusimamia mipango ya usafiri, na kaka yake akapewa zamu ya kuosha vyombo.

Pili, hugawanya gharama kulingana na uwezo na kuutamka ugawaji huo waziwazi. Asiye na kazi huambiwa mapema kwamba mchango wake ni kuchinja na kuchoma nyama, si pesa. Neno hilo likisemwa na mjomba kwa simu mwezi wa Novemba, huondoa aibu ambayo ingemzuia kijana kupanda gari.

Tatu, hazing'ang'anii tarehe 25. Familia yenye muuguzi, askari na mpishi wa hoteli inaweza kukutana wakati wa Pasaka au likizo ya Agosti, wakati ambapo nauli ni nafuu. Nne, hupokezana mahali. Mwaka mmoja mkutano hufanywa kijijini, mwaka mwingine kwa mwana aliye mjini, ingawa wazee wengi hukubali kusafiri endapo tu atapatikana mtu wa kulisha ng'ombe na kufungia kuku.

Tano, huwauliza wazee walicho nacho kabla hakijachelewa: majina ya vizazi vilivyotangulia, mipaka ya shamba, watu walio katika picha za zamani na madeni ya mahari yasiyolipwa. Rununu moja inatosha kurekodi mazungumzo ya jioni mbili.

Ni kweli pia kwamba si kila asiyekuja ni mtovu wa shukrani. Kuna boma zenye ugomvi wa ardhi, ulevi au maneno yaliyowahi kumjeruhi mtu. Kumshurutisha mtu wa aina hiyo arudi kwa ajili ya picha ya pamoja si kuunganisha familia. Heri kwanza atafutwe na kusikizwa peke yake.

Wazazi nao hawana budi kukubali kwamba Krismasi ya watoto wadogo haitarudi. Kilicho mikononi mwao ni kuamua ni nini kitakachofuata baada yake. Siku moja shamba la babu litahitaji kugawanywa, na wajukuu wataketi meza moja mbele ya chifu, mpimaji wa ardhi au hakimu. Waliowahi kulala mkeka mmoja, na baadaye wakachangia mbuzi mmoja, watakuwa na namna ya kuanza mazungumzo. Wale ambao siku hiyo ndiyo ya kwanza kuonana watakuwa na mawakili tu.